Leona Hudock na Sanduku la Gololi

Wasikilizaji wapendwa, vuta kiti, ongeza sauti kidogo, na kama kahawa iko jikoni, ilete karibu. Leo tunamkumbuka Bi Leona Hudock wa hapa hapa Larksburg, Pennsylvania. Leona Hudock, mwanamke wa kwanza kuwa mzimamoto katika bonde letu. Amefariki akiwa na miaka themanini na mmoja, na tumemzika Jumamosi iliyopita. Msianze kulia mapema. Mwenyewe asingependa, maana alikuwa mtu wa kucheka mpaka ashike meza.

Leona alizaliwa katika nyumba ya mchimba makaa ya mawe. Akaolewa na Clem Hudock, fundi wa kulehemu. Machimbo yalipofungwa, wanaume wa Larksburg wakaenda kutafuta riziki kwenye kiwanda cha chuma, ng'ambo ya mlima. Wanaondoka alfajiri, wanarudi jioni. Na wanaume hao hao ndio walikuwa kikosi chetu cha kujitolea cha zimamoto. Sasa hebu jiulize, msikilizaji. Moto ukiwaka saa sita mchana, nani yuko mjini?

Wanawake. Wanawake ndio walikuwa mjini, na wazee wachache wa madukani. Simu nyekundu ya moto ilikuwa ukutani, jikoni kwa Leona. Ikilia, yeye ndiye anapokea. Yeye ndiye anauliza ni nyumba gani. Yeye ndiye anabonyeza kitufe cha king'ora. Kisha anapakia sandwichi na birika kubwa la kahawa, anakwenda kwenye moto kuwasubiri wanaume. Mpira wa maji? Asiuguse. Hakuna aliyekuwa ameiandika sheria hiyo. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba padri hachelewi.

Mwaka 1975, mwezi wa tatu, simu ikalia mchana. Jiko la Bibi Anna Dudash, mjane wa mtaa wa juu, lilikuwa linawaka. Leona akabonyeza king'ora. Akaja mtu mmoja tu na gari la zimamoto: mkuu wa kikosi, Bernie Kowatch, mzee wa nyonga mbovu. Leona akamfikia anahangaika kuuvuta mpira peke yake.

"Nipe nikusaidie!" Leona akamwambia.

"Shemeji, weka kahawa hapo, rudi nyuma," Bernie akajibu. "Clem akisikia umeungua nitamwambia nini?"

Leona akarudi nyuma. Wanaume wa kwanza walipofika, paa lilikuwa limeshaanguka. Bibi Anna alitoka salama, na ndege wake kwenye tundu. Lakini nyumba ilikwisha. Bibi akamtazama Leona, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe si ulikuwepo? Mbona ulisimama?"

Binti wa Leona, Darlene, anasema mama yake hakulala vizuri wiki nzima. "Alikuwa anaosha vyombo vilivyo safi," Darlene ameniambia. "Siku ya nane akamwambia baba, mimi naingia kikosini. Baba akacheka. Mama hakucheka."

Hilo ndilo alilolitaka, wasikilizaji wapendwa, na hilo tu. Kuingia kikosini, ili siku nyingine asisimame.

Wazee wetu mnakumbuka jinsi watu walivyopigiwa kura. Kulikuwa na sanduku la mbao lenye tundu. Kila mwanachama anaingiza mkono, anaangusha gololi. Nyeupe ni ndiyo. Nyeusi ni hapana. Nyeusi tatu zikitokea, umekataliwa, na hakuna ajuaye ni nani aliyekukataa. Jina la Leona likapelekwa. Sanduku likafunguliwa. Nyeusi zilijaa tele.

Kesho yake ndipo vilipoanza vichekesho. Buchani, mwenye bucha akamvuta pembeni: "Dada Leona, mimi nilikuwekea nyeupe." Posta, karani akanong'ona: "Sijui ni nani hao, mimi nyeupe." Kanisani, wakati wa kupeana amani, jirani akamshika mkono asiuachie: "Nyeupe, dada. Mungu ananiona." Leona akarudi nyumbani, akamwambia Clem, "Kwa maneno ya watu, nimepita bila kupingwa!"

"Hata mimi niliweka nyeupe," Clem akasema.

"Sikukuuliza," Leona akamjibu.

Mwaka wa pili, akaomba tena. Nyeusi tena. Na kila mwanaume, tena, alikuwa ameweka nyeupe.

Mwaka wa tatu Leona hakuomba kitu. Alikwenda kwa rafiki yake, Irene Yurick. Irene ndiye alikuwa kiongozi wa wanawake wa jiko la kikosi, na mnalijua jiko lile. Kila Julai, kwenye tamasha la zimamoto, watu hutoka miji mitano kuja kununua pirogi zetu, zile za unga uliokunjwa na kujazwa viazi na jibini, zikachemshwa, kisha zikakaangwa na vitunguu na siagi. Gari lile jekundu ambalo wanaume walilipangusa kila Jumapili lilinunuliwa kwa pirogi. Ngazi, kwa pirogi. Kofia zao za chuma, kwa pirogi. Na kila pirogi ilikunjwa na mkono wa mwanamke.

Irene akaenda kwa Bernie na tabasamu. "Mkuu, tunaomba kuazima lile sanduku lenu. Sisi nasi tuna jambo la kupigia kura."

Bernie akampa. Akadhani wanachagua rangi ya aproni.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: tupike mwaka huu, au tusipike? Wanawake wakapanga foleni, mmoja mmoja akaingiza mkono. Sanduku likafunguliwa. Nyeusi. Nyeusi tupu, nyeusi kama makaa ya mawe.

Jioni ile, katika kila nyumba ya Larksburg, palikuwa na mazungumzo yale yale. "Mke wangu, ni kweli mmegoma?" "Mimi? Mimi niliweka nyeupe, mume wangu. Sijui ni nani hao wengine." "Lakini zote zilikuwa nyeusi!" "Ajabu, eti? Kula basi, supu inapoa."

Wanaume hawakukubali kushindwa na donge la unga. Wakajifungia katika jiko la kikosi Jumamosi moja, wajaribu wenyewe. Mzee Clem alikuwepo. "Tuliona wake zetu wakizikunja maisha yetu yote," ameniambia, machozi ya kicheko yakimtoka. "Tukasema, ni jambo la vidole tu. Tulipozitia kwenye maji ya moto, zote zikafunguka. Sufuria nzima ikawa uji. Bernie akaonja. Akasema, vijana, tumekwisha."

Bernie akaja jikoni kwa Leona, kofia mkononi. Akakaa chini ya ile simu nyekundu.

"Shemeji, semeni mnachotaka."

"Nani, sisi? Mimi sijui. Kura ni siri."

"Leona, tafadhali. Tamasha ni wiki tatu zijazo."

Hapo Leona akaacha utani. Akaweka kikombe chini. "Bernie, Bibi Anna aliniuliza mbona nilisimama. Mpaka leo sina jibu la kumpa. Unalo wewe?"

Bernie akaizungusha kofia. Kisha akanyanyuka na nyonga yake ile, akasema, "Alhamisi tunakutana. Njoo uchukue viatu."

Alhamisi wakakutana. Sanduku likafunguliwa. Nyeupe, wasikilizaji wapendwa. Nyeupe mpaka ya mwisho. Leona Hudock akawa mzimamoto, na Julai tukala pirogi.

Mnafikiri mambo yakawa mteremko? Viatu alivyopewa vilikuwa vya kiume, akavaa soksi mbili mbili miaka yote. Mara ya kwanza alipoendesha gari la zimamoto, Bernie alikaa pembeni yake akikanyaga breki isiyokuwepo, njia nzima. Alipouzima moto wa duka la kinyozi, mchana, wanaume wakiwa kiwandani, gazeti likaandika: "Mke wa Clement Hudock aokoa duka." Leona akalikata, akalibandika kwenye friji, na juu yake akaandika kwa kalamu nene: "Ana jina." Alikaa kikosini miaka thelathini na mmoja. Ukuu wa kikosi aliuomba mara mbili, akanyimwa mara mbili, na wote waliopewa alikuwa amewafundisha yeye. Hilo lilimuuma. Alisema wazi kwamba linamuuma, kisha akaenda kumfundisha mwingine. Leo wasichana wanne wako kikosini, na viatu vyao vinawatosha.

Sasa nifike Jumamosi iliyopita. Mzimamoto wetu akifa, kikosi humwekea kaburini nyota ya shaba yenye mahali pa bendera. Leona alipougua, msimu wa majani kupukutika, mkuu wa sasa akaenda kumwona, akamwambia nyota yake iko tayari.

"Na kaburini kwa Irene, nyota iko wapi?" Leona akauliza.

"Bibi Irene hakuwa mwanachama. Alikuwa jikoni."

"Irene aliwanunulia gari," Leona akasema. "Na wale wengine. Msiniwekee mimi mpaka wao wawe nazo."

Kwa hiyo Jumamosi, wasikilizaji wapendwa, jeneza la Leona lilisubiri langoni mwa makaburi. Kikosi kizima, kwa sare, kilipanda mlima na ndoo ya nyota za shaba. Kwenye kila kaburi la mwanamke wa jikoni walisimama, wakavua kofia, wakaita jina lake kwa sauti. Irene Yurick. Nyota. Wakaenda kwa mwingine. Padri alianza kutazama saa. Mzee Clem, kwenye kiti chake cha magurudumu, akamwambia, "Vumilia, Baba. Amekufa na bado anatupangia kazi." Watu wakacheka pale makaburini, na mimi nikacheka nao. Nyota ya Leona iliwekwa ya mwisho.

Tunampa pole Mzee Clem, ambaye ameniomba nitangaze kwamba aliweka nyeupe. Tumekusikia, mzee. Pole Darlene na wajukuu. Pole kikosi chetu. Bi Leona, pumzika.

Nawe unayenisikiliza, kabla hujazima redio, fikiri kidogo. Yuko mwanamke ambaye kazi yake imekulisha, imekununulia, imekuokoa, na hakuna mahali jina lake lilipoandikwa. Litaje sasa hivi, kwa sauti, hata kama uko peke yako.

Mimi naanza. Mama yangu aliitwa Helen Bartko. Alikunja pirogi katika jiko lile mpaka vidole vikakataa. Yuko mstari wa tatu, karibu na uzio. Jumamosi wanaume na wanawake wa zimamoto walivua kofia mbele yake, na jina lake likasikika mpaka barabarani.