Vidonge Nilivyovimwaga Madhabahuni

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, Ndugu zangu, maana leo nimesimama hapa kurekebisha ile amina mliyonipa mwaka jana.

Mnanifahamu. Mimi ni Mama Ruth, muuza samaki wa ziwa Tshangalele pale sokoni, yule mwenye mdomo. Ulizeni wateja! Basi, mdomo huo ulifungwa. Nilikuwa naketi mbele ya samaki, nzi wanatua, mteja anauliza bei, nami namtazama tu. Nyumbani sikupika, sikuoga, hata kulia sikulia. Mume wangu, Papa Ruth, alikuwa akirudi kutoka kuvunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe, vumbi hadi kwenye kope, anashika sufuria mwenyewe. Majirani wakasema nimelogwa. Wengine wakasema ni uvivu. Ndugu zangu, niliwaonea wivu watu waliolala makaburini! Nasema wazi, maana humu ndani kuna mtu ananielewa.

Dada yangu akanipeleka Lubumbashi kwa daktari wa magonjwa ya akili. Akaniambia huu ni ugonjwa wa kweli, unaitwa sonona. Nikameza vidonge miezi kadhaa, nikapata nafuu kidogo tu. Ndipo akasema tuongeze mashine: sponji mbili zenye maji ya chumvi juu ya paji la uso, nyaya mbili, na courant kidogo sana inayopita kuuamsha ubongo.

Courant! Mnajua sisi wa Likasi tunavyouogopa umeme. Niliruka kitini, nikijua itaniua.

"Docteur, minye sitaki! Courant inauwaka bantu!"

Akacheka. "Mama, hii iko ya betri kadogo. Na vidonge usiache. Weye unapikaka bukari na moto bila maji?"

Nani asiyejua kwamba ugali unataka vyote viwili, moto na maji? Nikakaa. Kichwa kiliwasha kidogo, basi. Siku kwa siku mashine, kila asubuhi kidonge baada ya chakula. Wiki zikapita, nikaanza kusikia njaa. Haleluya! Hata harufu ya samaki ilinirudia, nikaifurahia.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilirudi Likasi nikiwa mwepesi, nikajiambia: mtu aliyeponywa na Bwana anamezaje vidonge? Mnaikumbuka Jumapili ile. Nilipanda hapa, nikavimwaga vyote mbele ya madhabahu, nikapaza sauti, "Nimepona!" Mkapiga vigelegele mpaka mabati yakatikisika.

Siku chache, kizunguzungu. Wiki chache, giza lile lile, na safari hii lilikuja na aibu. Nitawaambia nini watu walionipigia vigelegele? Nikawa nakuja ibadani, naimba, natabasamu, narudi nyumbani nalala na viatu. Mlikuwa mkinisalimu "Mama Ushuhuda!" nami naitika. Mungu anisamehe.

Asubuhi moja nilikwenda ziwani kununua samaki. Nikajikuta majini, maji yamefika kiunoni, mitumbwi yote iko nyuma yangu. Sikuwa nimeteleza, Ndugu zangu. Mvuvi mmoja akapaza sauti: "Mama! Samaki iko huku, haiko kule!" Maskini, alidhani nimekosea njia. Lakini Bwana aliitumia sauti ile! Niligeuka. Nikatoka, nikaketi mchangani, nikalia kilio cha mwaka mzima.

Siku hiyo hiyo nilimwambia Papa Ruth yote. Tukaenda wote wawili kwa Papa Pasta. Nilidhani atanikemea kwa kukosa imani. Yeye akajishika kichwa.

"Mama Ruth, minye njo nilipiga makofi ya kwanza. Tulikosa pamoja. Rudia ku docteur."

Nikarudi. Vidonge upya, mashine upya, vyote viwili. Haikuwa haraka! Daktari alinieleza kwamba si kila mtu mashine humfaa. Mimi imenifaa, na ninamshukuru Mungu. Siku moja sokoni mteja akasema samaki wangu wamelala. Wamelala! Eti si wabichi! Nilimjibu mpaka soko zima likacheka. Papa Ruth alikuwa amekuja kunibebea beseni. Alisimama pale pale, anafuta machozi kwa mkono wa shati, anasema, "Mke wangu amerudi."

Sasa nasema na wewe unayemeza dawa kwa kujificha, na wewe uliyeziacha ili sisi tukuite mtu wa imani. Usimwage dawa kwa ajili ya vigelegele vyetu! Siku ya kuziacha, aseme daktari wako. Na kama unalibeba giza hilo peke yako, usitoke hapa leo kabla hujamwambia mtu mmoja. Mtegemee Bwana. Ndiye aliyeuumba ubongo huu, ndiye aliyempa daktari akili. Mimi bado natibiwa, wala sioni haya.

Na saa yangu ya dawa imefika. Mama Pasta, nisaidie glasi ya maji. Mnakiona hiki? Kimoja tu, cheupe. Nakimeza hapa hapa nilipovimwaga vile.

Haya. Vigelegele viko wapi?