Mwalimu Eliudi Nzunda na Igizo Lisilo na Mwisho

Mwalimu Eliudi Nzunda anastaafu tarehe 14 Agosti 2015, siku atakayotimiza umri wa miaka sitini, baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na mmoja na miezi saba. Hesabu hiyo nimeifanya mimi, Jenista Mwashiuya, mwalimu wa Hisabati, kwa sababu mwenyewe alipoulizwa alijibu kwamba ni "miaka mingi kidogo". Ishirini na mitatu kati ya hiyo ameitumia hapa kwetu Sekondari ya Nampanda, akifundisha Kiswahili na kulea kikundi cha maigizo. Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la shule, nikaonywa nisizidishe kurasa mbili.

Hatukupatana tangu mwanzo, na heri niliseme hilo mapema. Mimi hupenda jibu lipigiwe mistari miwili chini yake. Yeye hupenda swali likae wazi mpaka watu waanze kukuna vichwa. Tumekaa meza moja katika chumba cha walimu miaka kumi na sita tukigombea dirisha: mimi nalifunga kwa sababu ya baridi ya Mbozi, yeye analifungua apate kusikia wanafunzi wanavyosemana huko nje. Anasema ndiko anakopata maneno.

Alizaliwa Isansa katika familia ya wakulima wa kahawa. Januari 1984 aliajiriwa katika shule ya msingi upande wa Galula, kwenye joto ambalo anadai lilimfundisha kuandika sentensi fupi. Siku hizo mwalimu wa Kiswahili alitegemewa kutunga ngonjera za kupokea wageni, naye kwa ngonjera alikuwa hashikiki. Mwaka 1986 alitunga ndefu kuliko zote, ya kulisifu duka la kijiji. Watoto waliikariri wiki tatu. Siku ya wageni, duka lenyewe lilikuwa tupu na limefungwa kufuli, na hatua chache pembeni mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshafungua kibanda chenye sabuni, chumvi na betri. Watoto wakasimama mbele ya kufuli, wakazisifu kwa sauti bidhaa ambazo hazikuwapo, huku wageni wakichomoka mmojammoja kwenda kununua sabuni. Mgeni rasmi alipiga makofi mche wa sabuni ukiwa kwapani.

Hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mtunzi. Anasema alicheka peke yake njia nzima hadi nyumbani, halafu akakaa mbele ya chakula akashindwa kula. Hakutunga ngonjera tena. Akaanza kutafuta na kuandika tamthiliya ambazo wasomi huziita za ubwege: mambo yanatokea bila mantiki, watu wanasema bila kusikilizana, mwisho haufiki, na mtazamaji anaachiwa kazi ya kujiuliza maisha haya yana maana gani. Alipozileta Nampanda mwaka 1992, baadhi ya walimu waliona jina hilo limezifaa sana.

Mazoezi yalikuwa kila Jumatano saa tisa alasiri, ukumbini, na yalikuwa na kanuni moja ambayo sijaiona kwingine. Mkewe, Mama Tabita, aliletewa jiko palepale jukwaani akasonga ugali wa kweli, akapika na maharage ya kweli. Hakuna mwigizaji aliyeruhusiwa kuonja mpaka kazi iishe. Mwalimu Eliudi alishikilia kwamba mtu aliyeshiba hawezi kuigiza njaa, atakuwa anadanganya tu na mikono. Kwa kuwa maigizo yake hayakuwa na mwisho, yaliisha pale Mama Tabita alipotangaza kwamba ugali unapoa. Wanafunzi walijiunga kwa wingi. Sitasema wote walifuata sanaa.

Darasani hakuwa na mchezo. Kuna kijana aliyekariri maelezo ya Mwalimu Eliudi ya ubaoni neno kwa neno akayamwaga yote kwenye mtihani, akitegemea kupasua. Alipata nne kwa ishirini, na pembeni ameandikiwa kwa kalamu ya kijani: "Haya ni yangu, nayajua. Yako yako wapi?" Mzazi alikuja kulalamika, akatoka akiwa amebeba daftari la mwanawe na kazi ya kusoma yeye mwenyewe. Mara mbili Mwalimu Eliudi aliitwa kuwa mkuu wa shule kwingineko, mara mbili akakataa, kwa maelezo kwamba mkuu wa shule hana Jumatano.

Sasa nifike kwenye igizo lenyewe. Liliitwa Mlango wa Jikoni, na aliliandika mwaka 2007 baada ya kumtembelea dada yake Tunduma, mji wa mpakani. Baba mmoja amejenga nyumba, wapimaji wakaja wakagundua kwamba mpaka wa nchi mbili unapita kati ya sebule na jiko lake. Ofisa anawekwa kwenye mlango wa jikoni. Kila jioni Baba anaomba kibali cha kwenda kula, na kila jioni kibali kinakosa mhuri mmoja. Mhuri huo upo jikoni. Ofisa naye ana njaa, lakini hana kibali cha kuingia kuufuata. Wanakaa wawili hao mlangoni, wakisikilizia harufu ya maharage. Basi.

Mwezi wa kumi mwaka huo tulilipeleka Tunduma siku ya soko, kwenye kiwanja kisicho mbali na mpaka. Ofisa aliigizwa na Blessing Sichone wa kidato cha tatu, binti mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akiwa amevaa kofia ya kadibodi na shati la shule lililotiwa rangi. Katika sehemu ya pili Ofisa huwageukia watazamaji na kudai vibali. Kwingine kote watu walicheka. Tunduma ni Tunduma. Blessing alipopaza sauti, nusu ya uwanja ilitimua mbio. Mama mmoja wa upande wa pili alikuwa anapiga kelele "Mayo! Mayo!" kumwita mama yake huku akikimbia na mfuko wa sukari kichwani, na mwingine aliacha ndoo ya mafuta ya kula asiirudie hadi jioni. Waliobaki wakajipanga mstari. Niliwahesabu: watu arobaini na watatu, wamesimama kwa adabu mbele ya kofia ya kadibodi, mikononi wana hati za muda za kuvukia mpaka, kadi za chanjo, kadi za kliniki, na mzee mmoja cheti cha ubatizo. Blessing alichanganyikiwa, akaanza kuvikagua. Mwalimu Eliudi alikuwa amekaa chini nyuma ya turubai, anacheka huku machozi yanamtoka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa mwalimu wa msafara na nilijua litakalofuata. Baada ya wiki mbili ilikuja barua ya malalamiko kutoka ofisi ambayo sitaitaja, na bodi ya shule ikaitisha kikao. Hoja zilikuwa tatu: igizo limeleta taharuki, igizo halina mwisho, na igizo halina funzo. Mimi nilikuwa katibu wa kikao kile. Nilitakiwa kuandaa rasimu ya barua, nikaiandaa kwa moyo wote. Niliandika kwamba Mwalimu Nzunda aongeze mwisho ambamo Baba anapata kibali, anashukuru, na wanafunzi wanaimba wimbo wa kuelimisha jamii. La sivyo kikundi kifungwe. Neno "kifungwe" nililipigia mistari miwili. Nilieleza kwa kurasa tatu, kipengele kwa kipengele, kila mahali ambapo igizo lile lilivunja mantiki.

Kwake hilo halikuwa jambo dogo. Kikundi kile ndicho kilichomfanya akatae vyeo, na alikuwa na wanafunzi kama kumi ambao ni Jumatano tu iliyowafanya wasiache shule. Mwenyekiti alipomweleza, hakubishana. Aliiomba bodi iliangalie igizo mara moja kabla ya kuamua, basi.

Ikawa Machi 2008, ukumbini. Kati ya wajumbe alikuwepo Mzee Luhaga Masanja, mfugaji kutoka bondeni Momba, baba wa mwanafunzi wetu Nyanzobe. Alikuwa amekuja kwa pikipiki tangu alfajiri, na mavumbi ya safari bado yalikuwa kwenye nyusi zake. Igizo likafika pale linapokomea, Baba na Ofisa wamekaa mlangoni, maharage yananukia. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye maoni kabla ya kusoma rasimu. Mzee Luhaga akasimama na fimbo yake.

Maneno yake niliyaandika kwenye kumbukumbu za kikao kama alivyoyatamka: "Mimi nilitoka Meatu na ng'ombe, nikafika Usangu, wakasema hapa si kwako. Nikaja Momba. Kila mahali naombwa barua ya kule nilikotoka, na kule nilikotoka wanasema wewe ulishahama, jina hatuna. Huyo baba hapo mlangoni ndiye mimi. Mnataka mumpe kibali leo ili mfurahi mwende nyumbani? Mimi bado niko mlangoni, jamani. Mwacheni tukae naye."

Kisha akapanda jukwaani, akaketi sakafuni karibu na Baba, akalaza fimbo magotini. Hakuigiza chochote. Alikaa tu. Blessing, ambaye kofia ilikuwa bado kichwani, akaivua. Hakuna aliyeipigia kura rasimu yangu. Mwenyekiti aliahirisha kikao, wajumbe wakala ugali wa Mama Tabita wakiwa wamesimama, na suala lile halikurudi tena bodini.

Kikundi kikaendelea. Kimetoa walimu sita, mtangazaji mmoja wa redio, na Blessing mwenyewe, ambaye leo ni ofisa wa kweli katika kituo cha mpakani na wasafiri wanamsifu kwa upole. Mzee Luhaga alihudhuria Jumatano nyingi hadi Nyanzobe alipomaliza. Nami tangu siku ile nilibeba siri. Barua zote za bodi hutoka kwa jina la mwenyekiti, kwa hiyo niliamini Mwalimu Eliudi hajui aliyeiandika ile rasimu. Kila mwaka alinishukuru kwa "kulifuatilia igizo", nikadhani ameambiwa nilimtetea. Nikanyamaza. Hata dirisha nilianza kumwachia.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake Isansa kuuliza tarehe za wasifu huu. Alikuwa anapalilia kahawa, akaniambia nijitafutie mwenyewe kwenye bahasha ya kaki iliyoko kabatini. Ndani, kati ya barua ya ajira na cheti cha ualimu, nilikuta rasimu yangu; bila shaka mwenyekiti ndiye aliyempa. Kurasa zote tatu, kwa mwandiko wangu, na mistari yangu miwili. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Nikaigeuza. Nyuma yake, kwa kalamu ya kijani, alikuwa ameandika Machi 2008: "Aliyeandika hii ameliangalia igizo kuliko watu wote. Nikistaafu, kikundi apewe Jenista."

Alikuja akanikuta nimeishika. Akaenda kumwambia Mama Tabita aongeze unga, kuna mgeni. Nilikula kwao siku hiyo na nilikula vizuri.

Mwalimu Eliudi, walimu na wanafunzi wa Nampanda tunakushukuru kwa kila Jumatano. Mimi nakushukuru na kukuomba radhi, mbele ya shule nzima, kwa maandishi. Tunakuombea uzee wenye afya, kahawa inayozaa na siku njema nyingi ukiwa na Mama Tabita. Kikundi nimekipokea. Jumatano ijayo saa tisa alasiri nitakuwa ukumbini, na mwisho sitauongeza.