Somo Nililowawekea Wageni

Ndugu zangu walimu, amahoro. Mimi nafundisha mwaka wa tano, shule moja ya huku kwetu Rumonge, na nimesimama hapa na hasira. Musiniambie nitulie. Nitatulia nikimaliza.

Miaka kumi na moja nimeshika chaki, na hakuna mutu aliyekaa mu darasa yangu ila aliyekuja kunikamata. Inspekteri anaingia, anaandika, anaondoka. Nirekebishe nini, na namna gani? Hakuna aliyeniambia. Sasa mimi nikafanya nini? Musicheke, na nyinyi mumefanya. Nikaweka somo moja la wageni. Mukate unakatwa vipande vine, mutoto anakula kimoja, inabaki ngapi? Watoto walilikariri. Mugeni akionekana mulangoni, hata kama tuko mu Kifaransa, tunafuta ubao, tunakata mukate.

Siku moja inspekteri akageuza swali. Mukate vipande vinane, wakala vitatu, inabaki ngapi? Mutoto wa mbele akasimama, akajibu kwa sauti nzuri: robo tatu. Inspekteri akamuuliza mwingine. Robo tatu. Darasa zima robo tatu. Alinifokea mbele ya watoto wangu, akaandika kwamba sifai, na kwamba nisipobadilika mwaka ukiisha nitaondolewa. Halafu akapanda gari. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile sikufundishwa kitu, nilivunjwa tu. Nikaanza kumuuliza dada yangu wa Gitaza bei ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, niache shule nikauze sokoni.

Ndipo mwenzangu anayefundisha mwaka wa sita, mama mmoja aliyekuja zamani kutoka Uvira, akaomba kukaa nyuma ya darasa yangu. Nikakubali kwa shingo upande. Na mimi, bila haya, nikakata mukate. Alifunua daftari ya mutoto aliyekaa naye, ukurasa kwa ukurasa. Tulipotoka akaniambia polepole: "Dada, hii somo iko mara ine mu daftari. Kugawanya haiko hata mara moja."

Nilikasirika vibaya sana. Nikamuuliza yeye ni nani wa kunipima. Angenijibu vile vile, tungeishia hapo. Lakini alisema: "Kesho kuya kwangu. Nitafundisha Kifaransa, na Kifaransa yangu ni mbaya. Uandike."

Nilienda kulipiza, nawaambia ukweli. Niliandika makosa mengi. Akayasoma yote, akaniomba nimuonyeshe namna ya kurekebisha moja tu. Nilijua kukamata, kama nilivyokamatwa. Kusaidia sikujua, na hiyo iliniuma kuliko maneno ya inspekteri.

Tukaanza hivyo, yeye kwangu Jumanne, mimi kwake Alhamisi. Tunachagua kitu kimoja, wiki ya pili tunaangalia kama kimebadilika. Kugawanya nilifundisha vibaya mara ya kwanza, na ya pili pia. Mara ya tatu watoto wenyewe walinisahihisha ubaoni, nikafurahi kama mwenda wazimu. Mwisho wa mwaka inspekteri akarudi, akauliza alichotaka, wakamjibu. Nikabaki kazini. Radhi hakuomba.

Leo tuko walimu saba tunaotembeleana hivyo. Na sasa, sikilizeni vizuri, direkteri, mukubwa wa shule yetu, anataka madaftari tunamoandikiana makosa, ayatumie kutupa alama. Nimemwambia hapana, na narudia hapa mbele yenu. Siku atakapoyachukua, kila mwalimu atajitafutia tena somo lake la wageni, na watoto ndio watakaolipa.

Asante, murakoze, kwa yule mama. Yuko hapa, ameinamisha kichwa, simtaji. Murakoze kwa watoto walionivumilia. Ninalowaachia ni hili: ukitaka kumusaidia mwenzako, fungua kwanza mulango wako, tena siku unayofundisha kitu kinachokushinda. Mimi Jumatatu saa mbili nafundisha desimali. Sijui kuzifundisha. Kujeni na kalamu.