Kasonde Mwaba na Mtani Wake wa Bekari

Marehemu Kasonde Mwaba alizaliwa tarehe 14 Juni 1958 huko Mungwi, mtoto wa kwanza wa mzee Mwaba na mama Chola. Alikuwa na wivu tangu mgongoni. Dada yake Mwango alipozaliwa, marehemu, mtoto wa miaka minne anayekimbia kama swala, aligoma kutembea hadi naye abebwe. Mwango anadai zamu yake ya mgongo mpaka leo.

Alisoma Mungwi hadi darasa la saba. Kila mwaka alikuwa wa pili, na kila mwaka yule wa kwanza alisemwa vibaya nyumbani wakati wa chakula.

Mwaka 1984, Ndola, alimuoa Besa. Mpiga picha wa harusi alifukuzwa kwa kumwambia bibi harusi atabasamu. Mwango naye aliolewa, tena na Mngoni halisi wa Chipata, mchekeshaji asiye na mfano, ndiye shemeji anayewasomea hapa. Na mnajua, Mbemba na Mngoni ni watani, mla nyani na mla panya. Hakuna la kukasirikiana.

Kazi yake ilikuwa mkate. Aliingia bekari ya Mama Mutinta mwaka 1981, akawa mkuu wa tanuri. Ukweli usemwe, mkate ulikuwa mtamu, mwokaji mchungu. Ukisifiwa mbele yake, kesho unga wako hauonekani. Waokaji wawili waliacha kazi, mmoja akilia. Mwaka 1998 alipoajiriwa Mama Jere, Mama Mutinta alimwita marehemu.

"Ba Kasonde, huyu akiondoka kwa sababu yako, na wewe unaondoka."

Alisikia. Lakini wateja wakaanza kuuliza, "Zile skonzi za yule mama zipo?" Marehemu akaacha kumsalimia. Siku moja akafungua tanuri kabla ya wakati, skonzi za Mama Jere zikasinyaa kama soksi. Mama Jere akafungua aproni yake aende zake. Akatazama trei. Akaifunga tena, akasema kwa sauti:

"Jamani Wabemba! Ukimpa tanuri, anadhani ni la kukaushia nyani!"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Marehemu alivimba, lakini Mbemba akasirikie utani wa mtu anayeitwa Jere, jina la Kingoni? Angechekwa mpaka Kasama. Ikabidi ajibu.

"Nyamaza, mla panya. Unga wako ndio mlegevu."

"Basi njoo uukande wewe, mla nyani!"

Akaja. Kuanzia siku ile, mambo yote ya kazi yalipita kwenye utani. Chumvi ikizidi, utamsikia Mama Jere, "Leo umelia kwenye unga? Nani kasifiwa jirani?" Wivu wa marehemu haukupona, ila ulipewa kazi. Kila asubuhi Mama Jere alimwita aonje skonzi, "uone unavyoshindwa", naye alionja, akanuna, akarekebisha. Hakuna mwingine aliyeacha kazi. Shemeji mtu naye alimrushia utani wa hali ya juu kila Jumapili. Marehemu alikuwa anapiga miayo.

Mwaka 2018 figo zilianza kumsumbua. Julai 2019 alilazwa hapa Ndola. Mama Jere alikuja na skonzi, akasimama miguuni mwa kitanda.

"Ba Kasonde, nisamehe. Mimi si Mngoni. Jere ni jina la mume wangu. Nimezaliwa Luwingu, Mbemba kama wewe."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa kwanza. Trei ilikuunguza, ukamwita mama yako kwa Kibemba cha Luwingu. Mngoni gani huyo?"

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ingebidi nikukasirikie. Halafu ningefanya kazi na nani?"

Kisha akamgeukia shemeji, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda. "Na wewe, siku ya kunizika, funga mdomo. Atanie huyu."

Alifariki tarehe 9 Agosti 2019, asubuhi, Besa akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke, Besa; watoto watatu, Chola, Mwila na Kapembwa; wajukuu watano; dada yake, Mwango; na mtani mmoja wa bandia. Shemeji, mtani wa kweli, ana utani aliouandaa miaka na miaka kwa ajili ya siku hii, mtamu kuliko wowote mtakaosikia leo. Anaumeza hapa hapa mbele yenu, na unamkwama kooni.

Haya, Mama Jere, sogea kaburini. Mwambie huyo mla nyani apumzike kwa amani.