Boliti Nyingine Imekatika

Meza ya dirishani kwenye kituo chetu cha mafuta hapa kijijini Korpivaara, karibu na mpaka, haina hatimiliki, lakini hebu jaribu kuikalia asubuhi uone. Ina wenyewe watatu. Kalervo tunamwita Redio, maana haishiwi habari. Reijo ni Waziri. Aliwahi kugombea udiwani akapata kura za nyumbani kwake, tena si zote. Wa tatu ni Onni, hana jina la utani kwa sababu hasemi vya kutosha kupewa. Mimi Sirkka namimina kahawa, na kukaripia inapobidi. Leo trekta la Waziri limesimama nje, nyuma yake imefungwa mashine ya kurusha theluji, mali yetu sote tunaotumia barabara hii. Imekata boliti tena, na njia ya kwenda kwa Onni imefukiwa hadi kiunoni. Kesho mkewe Hilja anatoka hospitali na nyonga mpya. Wauguzi wamesema wazi: gari lisipofika mlangoni, anapelekwa kwenye nyumba ya wazee mjini. Huko watu huenda kwa wiki moja wakazeekea humohumo.

— Boliti za siku hizi ni makopo ya samaki yaliyoyeyushwa, alianza Redio. Unaiangalia tu, inakatika.

— Basi tutie ngumu, akasema Waziri. Dawa ya moto ni moto.

— Ile imewekwa ili ikatike, alisema Onni taratibu. Isipokatika, inavunjika giaboksi.

— Sikia, mzee mwenzangu, tatizo si boliti. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Sasa mama wa boliti ni nani, Redio? aliuliza Waziri.

— Kiwanda! Lakini ngoja, kuna kubwa zaidi. Theluji yenyewe imebadilika. Inatoka ng'ambo ya mpaka, ina chumvi ndani. Ndiyo maana nzito.

— Umeionja?

— Mbwa wangu ameionja. Hajabweka tangu Jumapili.

Nikamwambia mbwa wake hajabweka kwa sababu hapati nafasi ya kusema mle ndani. Waziri akacheka, akasogeza kikombe nimwongezee.

— Mimi nawaambia ukweli, alisema. Mashine imenuna. Tulipaka trekta rangi mpya, yenyewe tukaiacha na kutu yake. Wewe ungekuwa mke wa pili ungefanya kazi?

— Chuma kina wivu? aliuliza Redio.

— Akili ni nywele, bwana, kila mtu ana zake.

— Zako ziliisha zamani.

Onni hakucheka. Alikuwa anatazama nje, mkate wake wa mdalasini haujaguswa. Niliona uchungu, na niliwakasirikia wale wawili, japo najua wanapiga domo hivyo wakiwa na hofu.

— Nimemwoshea mapazia, alisema Onni. Anapenda yakinuka baridi ya nje.

Hapo mlango ukafunguka. Aliingia mwanamke mgeni, amevaa koti la madereva wa teksi za wagonjwa, akajitambulisha kuwa Saimi. Ndiye atakayemleta Hilja, amekuja kuiona njia mapema.

— Ile mashine hapo nje ndiyo ya kunifungulia njia? aliuliza.

— Ndiyo, dada, ila inakata boliti, alisema Redio. Ni mambo ya mpakani, marefu.

— Nani aliitia grisi mara ya mwisho?

Redio alimtazama Waziri. Waziri akamtazama Redio.

— Si wewe? aliuliza Waziri.

— Mimi? Mwenye trekta ndiye anayetia!

— Trekta langu, mashine ya wote!

— Mimi nina bomba la grisi, alisema Onni. Limejaa.

— Hata langu limejaa, akasema Redio kwa sauti ndogo.

— Langu sijalifungua, akamalizia Waziri.

Kahawa iliachwa mezani ikipoa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilivaa koti nikawafuata. Trekta likazimwa. Waziri akapasha beringi za pangaboi, lile linalorusha theluji, kwa moto wa gesi, polepole, na Redio akapampu grisi. Yalitoka maji, ukatoka uji mweusi, hatimaye grisi safi. Onni akashika pangaboi kwa mikono miwili, akasukuma. Likagoma; kumbe kukwama huko ndiko kulikokuwa kunakata boliti. Akarudisha nyuma, akasukuma tena, uso umemwiva. Likalia kidogo, kisha likazunguka lote.

Boliti mpya ikaingia, trekta likawashwa. Theluji ya uwanjani iliruka juu ya paa la teksi ya Saimi, na boliti ikashika. Sisi wote tulikuwa tunapiga kelele kama watoto. Onni alikuwa amejitenga kando, simu sikioni, kidole kwenye sikio la pili. Na huyo asiyesema alimpigia muuguzi ukelele ambao nadhani ulifika hospitali bila simu:

— Mwambieni Hilja atafute viatu vyake!