Mbegu za Wai za Ernestine Sam

Ndugu, majirani na mliotoka mbali, mimi ni Lavina, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu wengine wanalia, mimi nitalia nikifika nyumbani.

Marehemu Ernestine Sam alizaliwa tarehe 20 Juni 1938 hapa bonde la Reese, Nevada, mtoto wa pili wa Willie na Maggie Sam, mama alikuwa mlimani akivuna wai, nyasi yetu ya mbegu nyeusi, akajifungua kando ya kikapu, na kesho yake akaendelea kuvuna, kwa kuwa wai ikikomaa haimngoji mzazi, inapukutika.

Mwaka 1946 alichukuliwa shule ya bweni ya serikali, walikokatazwa kusema kikwetu, akafundishwa miaka sita kupiga pasi mashati ya watu wengine, akarudi amesahau nusu ya lugha yetu, lakini mikono haikusahau, alishika kipigio cha fito akapukutisha mbegu kikapuni kama vile hakuondoka.

Kuanzia 1955 hadi 1990 alipika kwenye ranchi za ng'ombe, tarehe 3 Mei 1959 akaolewa na Orville Dick, mpanda farasi mwenye maneno mengi, nilimkataza, akanijibu, "Dada, wewe umekataa wangapi, na umepata nini?" Walijaliwa watoto wawili, Leland, aliyetangulia 1987, na Charlene huyu hapa.

Julai 1999 radi iliwasha mlima, ukaungua siku tisa, pakaota nyasi za kigeni zinazokauka mapema na kuwaka kama karatasi, wai ikabaki kwenye mawemawe tu, marehemu akaifuata huko kila Juni, akirudi na konzi moja, mbili, hakupika uji hata siku moja, aliweka, miaka kumi na saba, mpaka mfuko ukajaa.

Mwaka 2016 sukari ilimharibu figo, akawa anapelekwa hospitali mjini Fallon mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Oktoba 2018.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, dereva aliyemvumilia na matusi yake, majirani mlioleta kuni na nyama, na wapishi wenzake wa ranchi.

Limebaki jambo moja. Desturi mnaijua, vitu vya marehemu vinakwenda naye, kikapu, kipigio na blanketi vimo kaburini, na jana Charlene aliniambia, "Mama mkubwa, na mbegu pia, mama akikosa kitu chake atarudi kukitafuta, mimi sitalala." Hakukosea, mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Lakini marehemu aliniambia kitandani, "Usinizike na wai, nitaitafuna na meno gani?" akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema, "Mbegu zimwage mlimani kabla ya theluji, ziote tena."

Kwa hiyo, Charlene mwanangu, mfuko haumo kaburini, uko kwangu chini ya kitanda, Jumamosi naupandisha mlimani, mwenye miguu anifuate, na mama yako akirudi kuutafuta hatakuja kwako, atamfuata mwizi wake, na mwizi ni mimi, mlango wangu sifungi.

Pumzika, mdogo wangu. Ukishindwa, njoo.