Karata ya Sitini

OCTAVE: Haloo? Haloo! Nani huyo? Kama ni ju ya suruali ya harusi, haijaisha. Rudi Ijumaa.

LIBÉRAT: Papa Ushindi, si ju ya suruali. Ni minye.

OCTAVE: Minye nani? Kila muntu ni minye.

LIBÉRAT: Libérat. Wa Kiringye. Kumbe ulifuta namba yangu?

OCTAVE: Niliifuta.

LIBÉRAT: Si kitu. Habari ya nyumbani? Mama Ushindi iko muzima?

OCTAVE: Ernestine iko muzima, iko anapika. Miezi saba hatusemeshani, leo unapiga simu kuuliza habari ya Ernestine?

LIBÉRAT: Hapana. Nimekamatwa.

OCTAVE: Na nani?

LIBÉRAT: Askari wa bariyeri ya barabarani, hapa chini ya Lubarika. Leo siku ya tatu.

OCTAVE: Askari gani? Wa serikali ao wale wengine?

LIBÉRAT: Papa Ushindi, wako wanasikiliza.

OCTAVE: Ah. Basi wasalimie.

LIBÉRAT: Komanda, fundi wa Uvira anakusalimia... Anasema asante, na weye pia.

OCTAVE: Umefanya nini, mwanaume muzima kama weye?

LIBÉRAT: Nilikuwa na sanduku.

OCTAVE: Sanduku gani?

LIBÉRAT: Letu. La karata.

OCTAVE: Libérat! Umepita na lile sanduku kwenye bariyeri? Wakati wa vita?

LIBÉRAT: Walilifungua. Karata ya kwanza ilikuwa Kikosi cha Joka: watu elfu tatu, wanavuka mto kabla ya mapambazuko. Ya pili, Mlinzi wa Daraja: amekwisha kununuliwa. Ya tatu, Bibi wa Ukungu: anaingia mjini bila kuonekana.

OCTAVE: Mungu wangu.

LIBÉRAT: Wakaniuliza ni mto gani. Nikasema sijui. Wakaniuliza huyo bibi anakaa mtaa gani.

OCTAVE: Ungewaambia ni mchezo! Ungewaambia ni hadithi ya zamani ya kwao Wazungu, yule padri mzee aliitoa katika kitabu kinene, akatuchorea karata kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kurudi kwao—

LIBÉRAT: Niliwaambia yote. Walicheka, wakanifunga mikono. Nikasema basi nifungueni, kaeni chini, niwafundishe.

OCTAVE: Ukawafundisha.

LIBÉRAT: Wawili kwa wawili, mwenza mbele ya mwenza, karata kumi na tano kila muntu. Kambi ya Mwanga na Kambi ya Barafu. Sasa hawatoki mezani. Jana redio ililia, wakubwa wanamwita Komanda. Akasema, waambie niko katikati ya mapigano.

OCTAVE: [anacheka] Alikuwa anacheza?

LIBÉRAT: Alikuwa na Joka mkononi. Usicheke. Mwenza wake ni mlinzi wake, Nizigiyimana. Anacheza bunduki iko magotini, anaogopa kumla Komanda, anaogopa pia kumwachia. Jasho linamtoka mpaka karata zimelowa.

OCTAVE: Mwambie afute mikono! Zile karata hazina nyingine duniani.

LIBÉRAT: Papa Ushindi, nisikilize. Amehesabu.

OCTAVE: Nani?

LIBÉRAT: Komanda. Kwenye kifuniko padri ameandika, Karata Sitini. Komanda amepata hamsini na tisa. Kila tukigawa, mwenza wangu anapata kumi na nne. Anasema hiyo iliyopungua ndiyo yenye siri, nimeimeza ao nimeificha.

OCTAVE: Labda padri alihesabu vibaya.

LIBÉRAT: Kesho asubuhi gari iko inakuja kunipeleka juu, kwa wakubwa. Ju ya hiyo karata moja.

OCTAVE: Wanaopelekwa juu wanarudi baada ya siku ngapi?

LIBÉRAT: Minye sijaona aliyerudi.

OCTAVE: Ni karata gani iliyopungua?

LIBÉRAT: Unajua ni gani.

OCTAVE: Rezo ya simu inakwaruza. Rudia.

LIBÉRAT: Mbeba Taa.

OCTAVE: Ernestine! Punguza hiyo redio! ...Haloo? Labda Sévère, mchezaji mwenzetu, aliipoteza. Sévère alikuwa anasahau vitu, hata kofia yake—

LIBÉRAT: Papa Ushindi.

OCTAVE: Nasema labda.

LIBÉRAT: Sévère iko kaburini, hawezi kujitetea. Usimbebeshe.

OCTAVE: [kwa sauti ya chini] Iko hapa.

LIBÉRAT: Sema kwa sauti, Komanda anasogeza sikio.

OCTAVE: Nasema iko hapa! Iko chini ya mashine yangu ya kushonea, ndani ya kibati cha vifungo. Niliichukua ile Jumamosi tulipogombana. Ulisema kanuni yangu ni ya kitoto, nikasema basi tuone mtacheza na nini. Nilitaka kuirudisha Jumamosi ya pili. Halafu vita ikafunga njia. Halafu Sévère... Halafu nikaona haya.

LIBÉRAT: Nilijua.

OCTAVE: Ulijua nini?

LIBÉRAT: Sévère alikuona ukiiingiza mufukoni. Aliniambia ninyamaze. Alisema, huyu muntu ataileta mwenyewe, ni mgumu lakini si mwizi.

OCTAVE: Alisema hivyo?

LIBÉRAT: Tulikuwa njiani tunarudi, juu ya lori ya tomati. Ngoja, Komanda anataka simu.

KOMANDA: Haloo. Fundi?

OCTAVE: Ndiyo, Komanda. Heshima yako.

KOMANDA: Hiyo karata, ishike mkononi. Inaonyesha nini?

OCTAVE: Muntu mufupi, bila viatu. Ameshika taa ya mafuta. Taa imechorwa kubwa kuliko kichwa chake, padri hakuwa fundi wa kuchora. Chini iko maneno: Hana nguvu yoyote.

KOMANDA: Hana jeshi?

OCTAVE: Hana hata fimbo.

KOMANDA: Sawa. Zile hamsini na nane zingine zimeandikwa kwa mwandiko huo huo?

OCTAVE: Hamsini na tisa, Komanda.

KOMANDA: Vizuri. Nilikuwa nakupima. Nimekuamini. Sasa cheza.

OCTAVE: Nicheze nini?

KOMANDA: Karata yako. Tuko mkono wa mwisho. Minye nimeshusha Mufalme wa Barafu. Nizigiyimana ameshusha takataka, kama kawaida yake. Libérat ameshusha. Askari aliye mwenza wake, karata zake kumi na nne zimekwisha. Nimesoma kwenye kifuniko: karata huchezwa na aliyeishika. Umeishika weye.

OCTAVE: Komanda, minye niko Uvira!

KOMANDA: Padri aliandika ni lazima muntu akae Lubarika?

OCTAVE: Hapana, hakuandika.

KOMANDA: Basi weye ni mwenza wa Libérat. Nakurudishia yeye.

OCTAVE: Haloo, Libérat? Sikiliza, nifanye—

LIBÉRAT: Nyamaza! Sisi ni timu moja sasa.

OCTAVE: Lakini nataka kujua kama—

LIBÉRAT: Kanuni ya pili. Mwenza hasemi na mwenza. Iko kwenye daftari lako la kanuni.

OCTAVE: Miaka kumi na moja sijawahi kukaa upande wako hata mara moja.

LIBÉRAT: Ndiyo ujue. Nyamaza.

[kimya]

LIBÉRAT: Uko?

OCTAVE: Niko.

[kimya]

LIBÉRAT: Unite za simu zinaisha.

OCTAVE: Hilo linaruhusiwa kusemwa?

LIBÉRAT: Unite si karata.

OCTAVE: Basi na minye nauliza kitu kisicho cha karata. Ulikuwa unapeleka wapi hilo sanduku?

LIBÉRAT: Kwako.

OCTAVE: Kufanya nini? Gloriose, mchezaji wetu wa nne, amevuka mupaka na wanawe, hatarudi leo wala kesho. Sévère ndiyo hivyo. Tumebaki wawili.

LIBÉRAT: Wawili ni timu. Nilifikiri tutapata wengine wawili wa kuwapiga.

OCTAVE: [kimya]

LIBÉRAT: Papa Ushindi?

OCTAVE: Niko. Ni rezo tu.

KOMANDA: Fundi! Muda! Hata vita haingoji namna hii.

OCTAVE: Naam, Komanda. Nashusha. Mbeba Taa, mezani.

KOMANDA: Imeshuka. Nizigiyimana, weka kifuniko cha chupa pale, hicho ndicho karata ya fundi... Sasa, fundi, nisikilize vizuri. Huyu Libérat ametufundisha kwamba taa inamyeyusha Mufalme wa Barafu.

OCTAVE: Libérat amefundisha hivyo?

KOMANDA: Amesema ndiyo kanuni, ya kumi na nne. Amesema yeye binafsi haipendi, ni ya kitoto, lakini ndivyo mwenye daftari alivyoandika.

OCTAVE: Amesema hivyo.

KOMANDA: Minye nataka kuisikia kwa mwenye daftari. Kama taa inamyeyusha mufalme, nimeshindwa, tunagawa upya, na yeye anabaki hapa mpaka nishinde. Kama haimyeyushi, nimeshinda, na anakwenda kwake sasa hivi. Nimeapa kwa nyota zangu za begani. Lakini useme kweli! Askari wangu wananiachia kila siku, nimechoka kuachiwa. Kesho nikigundua umenidanganya, nitakasirika sana.

OCTAVE: Komanda, ngoja nichukue daftari. Ernestine! Kalamu! ...Hapana, si daftari ya deni la mafuta ya taa, ni ya karata! ...Hata chaki ya kupimia nguo, leta!

KOMANDA: Kalamu ya nini? Nimesema usome.

OCTAVE: Ya kufuatisha mistari, Komanda, macho yangu yamechoka na sindano. Ngoja. Kumi na mbili... kumi na tatu... Hii hapa. Kanuni ya kumi na nne.

KOMANDA: Iko inasema nini?

OCTAVE: Inasema hivi. Mbeba Taa... akikutana na Mufalme wa Barafu... taa haimyeyushi.

LIBÉRAT: Papa Ushindi!

OCTAVE: Nyamaza weye! Kanuni ya pili!

KOMANDA: Rudia.

OCTAVE: Haimyeyushi. Mufalme anakula mkono wote. Komanda, umeshinda.

KOMANDA: Imeandikwa hivyo? Weye uko unaiona kwa macho yako?

OCTAVE: Minye sisomi kitu kisichoandikwa. Naapa kwa mashine yangu ya kushonea, maneno haya yako hapa mbele yangu.

KOMANDA: Nimeshinda! Nizigiyimana, simama! Acha kutetemeka, tumeshinda! ...Fundi, asante. Weye ni muntu wa kweli. Libérat ataondoka. Sanduku linabaki.

OCTAVE: Linabaki?

KOMANDA: Ni mali ya jeshi sasa. Na hiyo Mbeba Taa ihifadhi vizuri, nitakuja kuichukua mwenyewe. Tunakaribia kuingia Uvira.

OCTAVE: Komanda, utateka mji ju ya karata moja?

KOMANDA: Sababu zingine walizonipa si nzuri kuliko hiyo. Mtaa gani?

OCTAVE: Kalundu.

LIBÉRAT: Mulo—

OCTAVE: Kalundu, karibu na bandari! Kila muntu ananijua huko.

KOMANDA: Nimeandika. Chukua simu yako, Libérat. Njoo nikupe mkono. Nizigiyimana, na weye mkumbatie, ametufundisha kitu... Haya, nenda.

[hatua, upepo]

OCTAVE: Haloo? Libérat? Uko?

LIBÉRAT: Niko. Natembea.

OCTAVE: Wamekuachilia kabisa?

LIBÉRAT: Nimepita bariyeri. Usiseme sana, unite. Mulongwe yote inajua mashine yako iko pale, weye unamwambia Kalundu.

OCTAVE: Aende akatafute. Akina mama wa pale watamuuzia samaki.

LIBÉRAT: Hukusoma kilichoandikwa.

OCTAVE: Nilisoma. Niliikata ya zamani na chaki nikaandika mpya pembeni. Mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Ernestine amenitazama kama nimekufuru.

LIBÉRAT: Asante, mwenza.

OCTAVE: Mbona unahema?

LIBÉRAT: Nakimbia.

OCTAVE: Unakimbia nini? Amekwisha kukuachilia, amekukumbatia!

LIBÉRAT: Aliyenikumbatia ni Nizigiyimana. Komanda alinipa mkono mmoja tu. Mkono wangu mwingine ulikuwa ndani ya sanduku.

OCTAVE: Libérat. Umefanya nini?

LIBÉRAT: Mufalme wa Barafu iko ndani ya soksi yangu.

OCTAVE: Weye ni mpumbavu! Mpumbavu kabisa! Ulikuwa umeokoka!

LIBÉRAT: Alisema sanduku linabaki. Hakusema karata zote.

OCTAVE: Atahesabu! Yule anahesabu!

LIBÉRAT: Ndiyo maana nakimbia. Anahesabu polepole, anatumia vidole vya Nizigiyimana.

OCTAVE: Acha barabara! Pita katikati ya mihogo!

LIBÉRAT: Niko ndani ya mihogo. Sasa weye una taa, minye nina mufalme. Bila hizo mbili, hana mchezo. Atarudi kwenye vita, maskini.

OCTAVE: [anacheka, anakohoa] Ukifika usipige hodi. Ingia tu. Nitafuta ile chaki, nitairudisha kanuni kama ilivyokuwa.

LIBÉRAT: Hapana, usifute.

OCTAVE: Namna gani nisifute?

LIBÉRAT: Iache hivyo. Leo umesoma sawa. Nilisema tangu mwanzo, taa ndogo vile haiwezi kuyeyusha mufalme muzi—

OCTAVE: Haiwezi? Nilidanganya ju yako! Taa inayeyusha! Barafu na moto, Libérat, hata mutoto wa—

LIBÉRAT: Umeshaiandika, Papa Ushindi. Sitini ao hakuna mchezo, na kilichoandikwa ndicho—

[mlio wa simu kukatika]

OCTAVE: Inayeyusha! Haloo? Haloo! ...Zimekwisha. Ernestine! Ongeza unga kwenye ugali. ...Muntu mumoja. ...Hapana, si mgeni. Mubishi.